George Washington: Rais aliyeanza urais akiwa na jino moja

Ukibahatika kushika noti ya dola moja ya Marekani, tazama sura iliyo katikati, hasa mdomo wake. Midomo imebanwa, na sehemu ya chini ya uso imejaa kana kwamba mzee huyo ameficha kitu kinywani. Ni kweli, ameficha. Mwaka 1796, mchoraji Gilbert Stuart alipokuwa akimchora George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, kinywa cha mzee huyo kilikuwa kimejaa meno bandia yaliyosukuma midomo kwa nje. Picha hiyo ndiyo iliyokuja kunakiliwa kwenye noti.

Katika mfululizo wetu wa maisha ya watu mashuhuri waliotangulia, leo tumemchagua Washington kwa sababu ya maswali yenu kuhusu gharama za meno. Mnatuuliza kuhusu jino la kuziba, mengine mawili ya kung'oa, pengo la mbele linalomtia mtu aibu mbele za watu, na bei inayomfanya mtu aahirishe mpaka mavuno. Tumeona tusianze na orodha ya bei. Tuanze na mtu ambaye fedha hazikumpiga chenga, aliyekuwa na mashamba makubwa na mshahara wa urais wa dola 25,000 kwa mwaka, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Pamoja na yote hayo, alihangaika na meno kwa zaidi ya miaka 40, akabana matumizi huku na kule, na mahali pamoja unafuu alioupata ulilipiwa na watu wengine kabisa.

Shilingi 5 za kwanza

Washington alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 huko Virginia, wakati huo likiwa koloni la Uingereza. Baba yake, Augustine, alifariki dunia kijana akiwa na miaka 11. Kaka zake wa baba mmoja walikuwa wamepelekwa kusoma Uingereza, lakini yeye hakupata nafasi hiyo. Alijifunza upimaji wa ardhi na akaanza kujipatia riziki yake akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Mwaka 1751 alimsindikiza kaka yake Lawrence, aliyekuwa mgonjwa wa kifua, hadi kisiwa cha Barbados. Huko akaugua ndui. Alipona, akabaki na makovu usoni.

Baadaye aliugua malaria na kuhara damu, zaidi ya mara moja. Tunayataja magonjwa hayo kwa sababu waganga wa enzi zile walipenda kutibu karibu kila kitu kwa dawa yenye zebaki, na zebaki huharibu fizi. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba dawa hizo zilichangia kulegeza meno yake.

Mwaka 1756, akiwa na miaka 24 na tayari ni kamanda wa kikosi cha Virginia, Washington aliandika katika hesabu zake kwamba amemlipa Daktari Watson shilingi 5 kwa kung'oa jino. Hizo ni shilingi za Kiingereza za zamani, ambazo 20 kati yake zilifanya paundi moja. Kwa mtu kama yeye hazikuwa fedha za kukosesha usingizi.

Hapo ndipo tungependa msikilizaji atulie kidogo. Shilingi 5 zilikuwa nafuu, maumivu yakaisha, na kijana akarudi kazini. Baadaye likaja jino jingine, kisha jingine. Wakati huo kuziba jino lililotoboka ilikuwa kazi ya wachache sana, tena ikifanywa vibaya. Dawa ya jino bovu ilikuwa koleo. Na kila pengo lina gharama yake: meno ya pembeni huegemea upande ule ulio wazi, lile la juu lililokuwa likikutana na lililong'olewa hukosa mwenzake, na kutafuna kote huhamia upande mmoja mpaka nao unachoka. Hata leo hali ni hiyohiyo. Kung'oa mara nyingi huonekana nafuu kuliko kuziba, lakini bei ya kurudisha jino lililoondoka ni jambo jingine.

Mtu asije akadhani kwamba Washington alikuwa mchafu wa kinywa. La hasha. Baada ya kumwoa Martha Custis, mjane tajiri, mwaka 1759, na kuishi katika shamba lake la Mount Vernon kando ya mto Potomac, aliagiza kutoka London miswaki, unga wa kusafishia meno na maji ya manemane ya kusukutulia. Alipiga mswaki, na bado meno yakaondoka. John Adams, aliyemfuata katika urais, alieleza kwamba Washington mwenyewe alilaumu tabia yake ya ujanani ya kuvunja kokwa ngumu kwa meno. Sisi tunadhani kokwa zilisaidia tu kumalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na magonjwa, zebaki na koleo. Lakini ukimwona mtoto wako anafungua soda kwa meno, una mfano wa kumpa.

Barua iliyoishia kwa adui

Juni 1775 makoloni ya Marekani yalimchagua Washington kuwa amiri jeshi mkuu katika vita vya kujitoa mikononi mwa Uingereza. Vita vilichukua miaka 8, na meno hayakumpa likizo. Katika picha aliyochorwa na Charles Willson Peale mwaka 1779, kuna kovu kwenye shavu la kushoto lililotokana na jipu la jino.

Wakati huo alikuwa ameshaanza kuvaa meno bandia machache yaliyofungwa kwa waya kwenye meno yake yaliyosalia. Daktari wake alikuwa John Baker, aliyekuwa Philadelphia. Waya huo ulilegea mara kwa mara, na jemadari hakuweza kuacha jeshi akaenda mjini kila unapolegea. Tarehe 29 Mei 1781 alimwandikia Baker akiomba koleo ndogo ya kukazia waya pamoja na chombo cha kukwangulia ukoga. Akaongeza kwamba haoni dalili ya kufika Philadelphia hivi karibuni.

Barua hiyo haikufika. Waingereza waliukamata mfuko wa barua njiani, na karatasi ile ikaishia katika nyaraka za jemadari wao, Henry Clinton, aliyekuwa New York. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba maneno yale ya kutokwenda Philadelphia yaliwasaidia Waingereza kuamini kwamba Washington angebaki jirani na New York. Yeye na washirika wake Wafaransa wakateremka kusini, wakapita Philadelphia hiyohiyo, na Oktoba 1781 jeshi la Uingereza lenye askari zaidi ya 7,000 likasalimu amri huko Yorktown. Hatutasema kwamba jino ndilo lililoshinda vita. Lakini barua ya kuomba kifaa cha ukoga imehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Michigan.

Meno kwenye droo

Siku ya Krismasi mwaka 1782, vita vikiwa vimetulia lakini amani haijatiwa saini, Washington alikuwa kambini Newburgh, katika jimbo la New York. Alimwandikia ndugu yake Lund Washington, aliyekuwa akisimamia shamba la Mount Vernon. Alimwomba afungue droo ya meza yake ya kuandikia, atafute meno mawili madogo ya mbele aliyoyaacha humo, ayafunge kwenye karatasi na kumtumia ndani ya barua inayofuata. Alisisitiza kwamba ana hakika yamo. Kama hayamo, basi yatakuwa kwenye droo ya siri ya meza hiyohiyo.

Yalikuwa meno yake mwenyewe, yaliyong'oka. Aliyatunza kwa sababu fundi aliweza kuyatumia tena kwenye meno bandia: jino lako mwenyewe lina rangi inayolingana na wenzake, na hulinunui. Ni ubanaji matumizi wa kawaida kabisa, kama mtu anayetunza misumari iliyonyooshwa. Ila linatuonyesha pia hali aliyofikia. Kiongozi wa jeshi lililoishinda Uingereza alikuwa akitafuta meno yake kwenye droo kwa barua.

Meno tisa

Mwaka 1783 Washington alisikia habari za daktari wa meno Mfaransa, Jean-Pierre Le Mayeur. Alikuwa amewatibu maofisa wa Kiingereza New York kabla ya kuvuka kuja upande wa Wamarekani. Washington, ambaye hakupenda watu wajue habari za kinywa chake, alimchunguza kwanza kimyakimya kabla ya kumkubali. Baadaye Mfaransa huyo akawa mgeni wa kukaribishwa Mount Vernon.

Sifa kubwa ya Le Mayeur ilikuwa kupandikiza meno. Ufundi huo ulikuwa umevuma Ulaya wakati ule. Daktari aling'oa jino bovu la tajiri, papo hapo akang'oa jino zima la mtu mwingine, na kulichomeka kwenye shimo lililokuwa bado linatoka damu. Akalifunga kwa uzi au waya kwenye meno ya jirani na kusubiri lishike. Mengine yalikaa miezi, machache yalikaa miaka, kisha yakaanguka. Na pamoja na jino, mpokeaji aliweza kupata maradhi ya mtoaji, kaswende ikiwemo.

Meno hayo yalitoka kwa nani? Le Mayeur alitangaza katika magazeti ya New York kwamba atamlipa gini 2 mtu yeyote atakayekubali kutoa jino zuri la mbele. Gini moja ilikuwa shilingi 21, kwa hiyo jino moja lilikuwa shilingi 42. Katika tangazo lake la Richmond, mji wa Virginia, aliongeza sharti kwamba watumwa hawahusiki na ofa hiyo.

Sasa tufungue kitabu cha hesabu cha Mount Vernon, ukurasa wa Mei 1784. Lund Washington ameandika kwamba zimetolewa paundi 6 na shilingi 2 kwa watu weusi, malipo ya meno 9, kwa ajili ya Daktari Lemoire. Jina la Mfaransa limekosewa tahajia, lakini ndiye yeye. Le Mayeur alikuja Mount Vernon kiangazi cha mwaka huohuo.

Piga hesabu pamoja nasi. Paundi 6 na shilingi 2 ni shilingi 122. Gawanya kwa meno 9, unapata shilingi 13 na nusu hivi kwa jino. Daktari alikuwa akitangaza shilingi 42 kwa jino la mtu huru. Meno ya watumwa yalipatikana kwa chini ya theluthi moja ya bei hiyo.

Tuseme wazi watu hao walikuwa akina nani. Walikuwa Waafrika na wazao wa Waafrika, waliomilikiwa kama mali. Mwaka 1786 Washington mwenyewe aliandika orodha ya watumwa wote wa Mount Vernon na kupata watu 216. Walilima ngano na mahindi, walivua samaki, walifua chuma, walipika, walimvalisha na kumvua nguo. Mtu ambaye mwili wake mzima ni mali ya mwingine anaombwa jino. Aseme nini? Ni kweli walilipwa kitu, na wapo wanaolitaja jambo hilo kama utetezi. Pengine fedha zile zilimnunulia mtu nguo ya mtoto au kitoweo ambacho bwana shamba hakumpa. Lakini hakuna ganzi iliyokuwapo. Jino zima lisilouma hung'oka kwa tabu zaidi kuliko bovu lililolegea, na pengo la mbele alibaki nalo yeye maisha yake yote.

Kitabu hakisemi meno yale tisa yaliingia kinywa cha nani, wala kama yalipandikizwa au yalifungwa kwenye meno bandia. Na hakiwataji watoaji kwa majina. Katika hesabu hizohizo za Washington, daktari aliyelipwa shilingi 5 mwaka 1756 ana jina.

Pembe ya kiboko

Tarehe 30 Aprili 1789 Washington alikula kiapo cha urais mjini New York. Siku hiyo alikuwa na jino lake halisi moja tu, gego dogo la chini upande wa kushoto. Kwa lugha ya kwetu, alikuwa karibu kibogoyo.

Fundi wake sasa alikuwa John Greenwood, ambaye akiwa mvulana alikuwa mpiga filimbi katika jeshi lilelile la Washington. Alikuwa mbunifu. Inasemekana alichukua gurudumu la mama yake la kusokotea nyuzi na kuligeuza kuwa kekee ya meno ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani. Alimtengenezea rais meno bandia kwa jino la kiboko. Mafundi wa meno waliipenda pembe ya kiboko kuliko ya ndovu kwa sababu ni ngumu zaidi na haigeuki rangi upesi. Kiboko ni mnyama wa mito na maziwa ya Afrika, kwa hiyo kipande cha bara letu kilisafiri baharini hadi kwenye taya la rais wa Marekani. Kwenye msingi huo wa kiboko Greenwood alipachika meno ya binadamu, akatumia waya wa dhahabu, skrubu za shaba, na springi za kuunganisha sahani ya juu na ya chini.

Lile jino moja Greenwood hakuling'oa. Alitoboa tundu katika sahani ya chini ili jino lipite humo na kushikilia meno yote bandia, kama kigingi kinavyoshika hema. Kiufundi ilikuwa akili. Kwa mwenye jino ilikuwa mateso, maana mzigo wote uliangukia jino moja na ufizi wake.

Springi nazo zilikuwa na tabia yake. Zilisukuma sahani mbili zitengane, kwa hiyo mtu alilazimika kuuma muda wote ili kinywa kisifunguke. Ndiyo sababu ya ile midomo iliyobanwa kwenye noti. Kuzungumza hadharani kukawa kazi. Hotuba yake ya kuapishwa mara ya pili, mwaka 1793, ina maneno 135 tu na mpaka leo hakuna rais wa Marekani aliyetoa fupi zaidi katika hafla hiyo. Hatuwezi kuyatupia meno lawama yote, kwani alikuwa pia mtu wa maneno machache.

Chakula nacho kilibadilika. Asubuhi alikula vikate vidogo vya unga wa mahindi vilivyoloweshwa kwa siagi na asali, akashushia na chai. Waliovipika walikuwa watumwa wake.

Mengi yamesemwa kwamba Washington alikuwa na meno ya mbao. Si kweli. Pembe ikikaa kinywani hupata nyufa nyembamba na madoa ya hudhurungi, hata ikafanana na ubao wa zamani. Seti moja iliyosalia nzima, inayoonyeshwa leo Mount Vernon, ina msingi wa madini ya risasi, na meno yake ni ya binadamu, ya mnyama na ya pembe ya ndovu. Risasi ni sumu, tena nzito.

Matengenezo kwa posta

Makao makuu ya serikali yalipohamia Philadelphia, Greenwood alibaki New York. Kuanzia hapo rais na fundi wake waliandikiana barua, na meno yakawa yanasafiri kwenye vifurushi. Barua hizo ndizo zinazotuonyesha Washington mbana matumizi. Mwaka 1791 aliomba atumiwe futi moja hivi ya springi, na waya wa dhahabu mara mbili ya urefu huo, ili matengenezo madogo yafanyike bila kurudisha kila kitu New York. Seti za zamani hakutupa. Alizirudisha zikarekebishwa, fundi akapachika meno mapya kwenye vyuma vilevile. Mwaka 1797 alilalamika kwamba meno yanasukuma midomo nje, akaagiza yasifanyike mabadiliko yoyote yatakayoisukuma zaidi ya hapo.

Wakati ule mtu kukaza waya mwenyewe ilikuwa lazima, kwani fundi alikuwa mbali. Leo tunasikia watu wakigundisha meno bandia yaliyovunjika kwa gundi ya viatu, au kuyapiga msasa nyumbani yanapobana. Tafadhali, usifanye hivyo. Gundi hiyo haikutengenezwa kukaa kinywani, na ukishayapunguza vibaya, fundi hana la kurekebisha. Peleka vipande vyote, hata kidogo kilichomeguka. Mara nyingi kuunga ni nafuu sana kuliko kuanza upya, na hapo Washington alikuwa sahihi kabisa.

Greenwood naye alikuwa na ushauri ambao hata leo hauna kasoro kubwa. Desemba 1798 aliletewa seti iliyokuwa nyeusi. Alimweleza mzee kwamba imeharibiwa na mvinyo, maana tindikali ya mvinyo hula pembe. Akamshauri ayavue baada ya chakula na kuyaweka kwenye maji safi, avae seti nyingine, na kuyasafisha kwa brashi na chaki iliyosagwa laini. Kwa meno bandia ya plastiki ya siku hizi chaki haifai, kwani huyakwaruza. Brashi laini na sabuni kidogo inatosha. Lakini kuyavua usiku na kuyalaza kwenye maji safi ni ushauri uleule utakaopewa hospitali yoyote. Fizi nazo zinahitaji kupumzika.

Jino la mwisho

Mwaka 1796, mwaka uleule wa picha ya Stuart, lile gego dogo lilishindwa. Greenwood aling'oa, akaomba abaki nalo, na Washington akakubali. Fundi akalitengenezea kijaluba cha dhahabu na kioo na kukining'iniza kwenye mkufu wa saa yake. Jino hilo lipo hadi leo, katika Chuo cha Tiba cha New York.

Washington alimaliza urais Machi 1797 na kurudi shambani. Tarehe 12 Desemba 1799 alizunguka mashamba yake kwa farasi kwenye theluji na mvua ya barafu. Siku mbili baadaye alifariki kwa ugonjwa wa koo, baada ya madaktari kumtoa damu nyingi mno kwa imani kwamba ni tiba. Alikuwa na miaka 67.

Mwaka huo Mount Vernon ilikuwa na watumwa 317. Katika wosia wake aliagiza kwamba wale 123 waliokuwa mali yake wawe huru baada ya kifo cha mkewe. Mmoja, William Lee, aliyekuwa naye bega kwa bega wakati wa vita, alipewa uhuru mara moja pamoja na dola 30 kila mwaka. Martha hakusubiri kufa kwake, akawaachia wote 123 tarehe 1 Januari 1801. Waliosalia, wengi wao wakiwa mali ya familia ya mume wake wa kwanza, hawakuhusika na wosia huo. Waligawanywa kwa wajukuu wa Martha, na familia zilizokuwa zimeoana kati ya kundi moja na jingine zikatenganishwa.

Haijulikani ni wangapi kati ya waliotoa meno mwaka 1784 waliokuwa hai siku ile ya mwaka mpya, wala walikuwa katika kundi lipi. Meno bandia yenyewe yamewekwa ndani ya kioo Mount Vernon, springi zikiwa bado mahali pake.